Jiji lililoliambia jeshi 'hatuwataki': Nini kilitokea Berkeley, na kwa nini ofisi haikufungwa?

Je, madiwani wa mji wanaweza kulifukuza jeshi la nchi yao wenyewe?

Swali hili liligeuka kuwa ugomvi mkubwa nchini Marekani mwanzoni mwa mwaka 2008. Upande mmoja lilikuwa baraza la jiji la Berkeley, California, mji wa watu takriban laki moja. Upande wa pili kulikuwa na ofisi ndogo ya kuandikisha askari, iliyo katikati ya mji huo.

Ndani ya wiki mbili ugomvi ulikuwa umetoka mtaani na kufika Bunge la Seneti mjini Washington. Hela za chakula cha wanafunzi zikaingizwa kwenye mzozo. Maelfu ya watu wakajaa nje ya ukumbi wa jiji, wengine wakipeperusha bendera na wengine wakiimba dhidi ya vita.

Ilikuwaje? Twende hatua kwa hatua.

Kwa ufupi

- Januari 29, 2008, baraza la jiji la Berkeley lilipitisha azimio la kuwaambia askari wa Marine kwamba ofisi yao haikaribishwi mjini.
- Wanasiasa wa ngazi za juu walitishia kulinyima jiji hilo mamilioni ya dola.
- Usiku wa kuamkia Februari 13, baraza lilirudi nyuma, lakini halikuomba radhi.
- Miji mingine miwili ya California ilijaribu njia ya sheria. Mahakama iliifuta.

Ofisi yenyewe ilikuwa ya nini?

Marine ni tawi la jeshi la Marekani linalojulikana kwa kupelekwa vitani mapema, mara nyingi kutokea baharini. Ofisi yao ya Berkeley ilianza kazi mwanzoni mwa 2007 katika eneo la Shattuck Square, hatua chache kutoka kituo cha treni na karibu na Chuo Kikuu cha California.

Kuwa karibu na chuo lilikuwa jambo la makusudi. Ofisi hiyo haikuwa ya kuandikisha askari wa kawaida. Ilitafuta wanafunzi wa vyuo na wahitimu ambao wangefunzwa kuwa maafisa.

Kwa miezi kadhaa ofisi ilifanya kazi bila makelele. Wapita njia wengi hata hawakuitilia maanani.

Hali ilibadilika Septemba 2007, kundi la Code Pink lilipoanza kuandamana mlangoni. Code Pink ni kundi la wanawake wanaopinga vita, lililoanzishwa mwaka 2002 wakati Marekani ikijiandaa kuivamia Iraq. Wanachama wake huvaa nguo za rangi ya waridi, kwa hiyo ni vigumu kuwapita bila kuwaona.

Kwa nini hasira zilikuwa juu wakati huo?

Marekani iliivamia Iraq Machi 2003. Kufikia mwanzoni mwa 2008 vita vilikuwa vinakaribia kutimiza miaka mitano, na idadi ya askari wa Marekani waliokufa ilikuwa inakaribia 4,000. Raia wa Iraq waliokufa walikuwa wengi zaidi ya hao, mara nyingi.

Jambo la pili ni namna jeshi la Marekani linavyopata watu. Tangu 1973 nchi hiyo haimlazimishi kijana kwenda jeshini. Kila anayevaa sare amejiandikisha mwenyewe.

Maana yake ni kwamba vita vikirefuka, jeshi linahitaji vijana wapya waseme "ndiyo". Na anayekwenda kuwaomba waseme hivyo ni afisa wa usajili, yule anayekaa kwenye ofisi ya mtaani au kutembelea shule na vyuo.

Ndiyo maana wapinga vita waliilenga ofisi ya mtaani badala ya kusubiri Washington. Hesabu yao ilikuwa rahisi: rais hawamfikii, lakini mlango wa usajili uko hapo hapo, umbali wa kutembea kwa miguu.

Berkeley pia haikuwa mji wa kawaida katika mambo haya. Mwaka 1964 wanafunzi wa chuo hicho walianzisha harakati za uhuru wa kusema ambazo zilisikika Marekani nzima. Mwaka uliofuata mji ukawa ngome ya maandamano dhidi ya vita vya Vietnam. Mwaka 1986 wakazi walipiga kura kuutangaza mji wao kuwa eneo lisilotaka silaha za nyuklia.

Kwa hiyo baraza la jiji kuzungumzia vita vya mbali halikuwa jambo geni. Safari hii jambo jipya lilikuwa kwamba mlengwa alikuwa jirani mwenye ofisi na mkataba halali wa pango.

Baraza liliamua nini hasa?

Kikao cha Januari 29, 2008 kilitoa maamuzi kadhaa kwa mpigo:

1. Jiji liwaandikie Marine barua kuwaambia kwamba ofisi yao haikaribishwi, na kwamba wakiamua kubaki, watabaki kama wavamizi wasioalikwa.
2. Code Pink wapewe nafasi ya kuegesha gari mbele ya ofisi hiyo, mara moja kwa wiki kwa miezi sita, pamoja na kibali cha bure cha kutumia vipaza sauti kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi jioni. Hili lilipita kwa kura 8 dhidi ya 1.
3. Jiji lichunguze kama sheria yake dhidi ya ubaguzi inaweza kutumika kwa Marine, kwa sababu wakati huo jeshi lilikuwa linawaondoa askari waliojitangaza kuwa wapenzi wa jinsia moja. Sera hiyo ilikoma rasmi Septemba 2011.

Ukiangalia vizuri, hakuna hata uamuzi mmoja hapo unaofunga ofisi. Barua ni maneno. Parking ni parking. Uchunguzi ni uchunguzi.

Lakini huo uamuzi wa pili ndio uliowaudhi hata baadhi ya watu waliokuwa wanapinga vita. Nafasi ya kuegesha gari na kibali cha vipaza sauti ni huduma za umma. Jiji likimpa upande mmoja bure, upande wa pili unauliza: na sisi je? Leo ni Code Pink, kesho akija mwenye hoja usiyoipenda, jiji litamnyima kwa kigezo gani?

Meya wa wakati huo, Tom Bates, mwenyewe aliwahi kuwa afisa katika jeshi la Marekani. Hilo halikuzuia moto uliofuata.

Moto uliwaka vipi?

Habari zilienea haraka kwenye redio na televisheni za nchi nzima. Baraza lilianza kumiminiwa barua pepe na simu za watu waliokasirika. Familia nyingi zenye mtoto Iraq ziliona kama mtoto wao ndiye aliyeitwa mvamizi.

Kisha zikaja hela.

Seneta Jim DeMint wa South Carolina, jimbo lililo upande wa pili wa nchi, alipeleka muswada wa kuifutia Berkeley zaidi ya dola milioni 2 zilizokuwa zimetengwa na serikali kuu na kuzihamishia kwa Marine. Katika fedha hizo kulikuwa na za mpango wa chakula cha wanafunzi, za usafiri wa feri na za Chuo Kikuu.

Ndani ya California kwenyewe, mbunge wa jimbo Guy Houston alipendekeza jiji linyimwe dola milioni 3.3 za usafiri na barabara.

Tazama nani angeumia. Wanafunzi wanaokula shuleni hawakupiga kura kwenye baraza. Chuo Kikuu hakiko chini ya madiwani. Abiria wa feri hawakuandika barua yoyote. Fahali wawili wakipigana, ziumiazo nyika.

Mwishowe hakuna muswada hata mmoja kati ya hiyo uliokuwa sheria. Lakini mwezi Februari hakuna aliyekuwa na uhakika huo, na baraza lilianza kuhesabu.

Usiku wa Februari 12 ulikuwaje?

Baraza lilipanga kulijadili upya suala hilo Februari 12. Baadhi ya waandamanaji walifika tangu usiku uliotangulia na kulala nje.

Siku yenyewe, pande mbili zilitazamana mbele ya ukumbi wa jiji. Huku bendera za taifa, pikipiki na maveterani wa vita. Huku nguo za waridi, mabango ya amani na wanafunzi waliotoka sekondari iliyo jirani. Polisi walisimama katikati.

Ndani ya ukumbi, wananchi walipewa dakika za kuzungumza, mmoja baada ya mwingine, kwa saa nyingi. Walikuwepo wazazi wa askari waliokufa. Walikuwepo pia maveterani waliopinga vita walivyopigana wenyewe.

Madiwani wawili, Betty Olds na Laurie Capitelli, walikuwa wamependekeza jiji litenganishe mambo mawili: kupinga vita, na kuwaheshimu wanaotumwa kupigana. Kwa maneno mengine, ugomvi uwe na waliotoa amri, siyo na kijana aliyevaa sare.

Kura ilipigwa baada ya saa sita usiku, tarehe ikiwa tayari imegeuka kuwa 13. Kwa kura 7 dhidi ya 2, baraza liliamua barua isitumwe. Badala yake lilitoa tamko lenye sehemu mbili: maafisa wa usajili wana haki ya kuwa na ofisi mjini, na watu wengine wana haki ya kuandamana kuwapinga au kuwaunga mkono.

Pendekezo la kuomba radhi halikupita. Nafasi ya parking ya Code Pink nayo haikufutwa usiku huo.

Je, nani alishinda? Kila upande ulirudi nyumbani na manung'uniko yake. Waliolitetea jeshi walitaka radhi, hawakuipata. Waliopinga vita walitaka ofisi iondoke, haikuondolewa.

Mbona jiji lisingeifunga tu ofisi?

Kwa sababu katika mfumo wa Marekani, jeshi ni kazi ya serikali kuu. Kifungu cha 6 cha Katiba kinasema sheria za taifa ziko juu ya sheria za majimbo na miji zinapogongana.

Mahakama Kuu iliweka msingi huo tangu 1819, katika kesi ya McCulloch dhidi ya Maryland. Jimbo la Maryland lilitaka kuitoza kodi benki ya serikali kuu. Mahakama ikasema hapana: ukiruhusu serikali ndogo kuitoza kodi taasisi ya serikali kubwa, umeiruhusu pia kuiua.

Wapo waliotafuta njia ya pembeni. Huko huko Berkeley ulikuwepo mpango wa kukusanya saini ili ofisi za usajili zihitaji kibali maalumu zikitaka kufunguliwa karibu na nyumba, shule, maktaba au bustani za watoto. Ni utaratibu ule ule wa mipango miji unaotumika kuamua baa ikae wapi.

Hoja hiyo inavutia, lakini ina shimo. Jiji linaweza kupanga majengo. Likitumia ramani ya majengo kuikwamisha kazi ya serikali kuu, hakimu atauliza lengo halisi ni nini.

Arcata na Eureka: sheria ilipofika mahakamani

Jibu lilikuja kutoka kaskazini mwa California, kwenye miji midogo ya Arcata na Eureka.

Novemba 2008, siku ile ile ambayo Barack Obama alichaguliwa rais, wakazi wa miji hiyo walipiga kura kuhusu sheria ya kuwalinda vijana. Sheria ilisema afisa wa usajili asimwanze kijana aliye chini ya miaka 18 kwa nia ya kumshawishi ajiunge na jeshi. Kijana akimfuata afisa mwenyewe, ni sawa. Afisa akimfuata kijana, amevunja sheria.

Miji yote miwili ilisema ndiyo. Zingatia kwamba hapa walioamua siyo madiwani, ni wapiga kura wenyewe.

Serikali kuu ilikwenda mahakamani. Juni 2009 jaji wa mahakama ya shirikisho alizifuta sheria hizo, na mahakama ya rufaa ikaunga mkono uamuzi huo. Sababu ni ile ile ya 1819: mji hauwezi kuiwekea masharti serikali kuu namna ya kufanya kazi yake ya kupata askari.

Kwa hiyo ukizilinganisha, Berkeley ilitumia maneno na ikaponea kwenye siasa. Arcata na Eureka zilitumia sheria na zikashindwa mahakamani. Mpaka ukawa wazi: mji unaweza kusema, lakini hauwezi kufukuza.

Na shule je?

Shuleni ndiko mambo yanakowagusa watu wengi zaidi, na huko ndiko serikali kuu imefunga mlango kwa nguvu zaidi.

Mwaka 2005, wapiga kura wa San Francisco, jirani ya Berkeley ng'ambo ya ghuba, walipitisha tamko la kupinga usajili wa jeshi katika shule za umma na kutaka vijana watafutiwe fedha za masomo badala yake. Karibu asilimia 60 waliunga mkono. Lakini lilikuwa tamko tu, halikumzuia afisa yeyote kuingia shuleni.

Vyuo navyo vilijaribu. Baadhi ya vyuo vya sheria viliwazuia maafisa wa jeshi kwa sababu ya ile sera ya kuwaondoa wapenzi wa jinsia moja. Machi 2006 Mahakama Kuu, kwa kura 8 kwa 0, ilisema serikali inaweza kuvinyima fedha vyuo vinavyofanya hivyo. Majaji walieleza kwamba chuo kinabaki huru kulipinga jeshi kwa maneno. Kumruhusu afisa kuingia si sawa na kukubaliana naye.

Pia wakazi wa mji mmoja hawana sauti moja. Bodi ya shule ya San Francisco iliamua mwaka 2006 kuuondoa mpango wa mafunzo ya ukakamavu wa kijeshi kwa wanafunzi wa sekondari. Wanafunzi na wazazi wengi walilalamika. Mwaka 2008 wapiga kura walitaka mpango ubaki, na mwaka uliofuata bodi ikaurudisha.

Kwa hiyo jiji lile lile lililopinga usajili mashuleni mwaka 2005 lilitetea gwaride la wanafunzi miaka mitatu baadaye. Kwa vijana wengi, mpango ule ulikuwa nidhamu, marafiki na mahali pa kwenda baada ya masomo.

Hili linawahusu vipi wanaozungumza Kiswahili?

Linawahusu kuliko inavyodhaniwa.

Mgeni mwenye kibali cha kuishi cha kudumu, yaani green card, anaruhusiwa kujiunga na jeshi la Marekani hata kama bado si raia. Na kuanzia mwishoni mwa 2008, miezi michache tu baada ya kelele za Berkeley, jeshi lilianzisha mpango ulioitwa MAVNI. Uliwaruhusu hata baadhi ya wageni wasio na green card, wakiwemo wanafunzi, kujiunga ikiwa ni wataalamu wa afya au wanazungumza lugha zinazohitajika. Kiswahili kilikuwa kwenye orodha ya lugha hizo.

Kivutio kilikuwa njia ya haraka ya kupata uraia. Mpango huo ulisimamishwa mwaka 2016, na kuna walioachwa njiani, mkataba mkononi, wakisubiri ukaguzi wa usalama kwa muda mrefu.

Hapa ndipo hoja ya wapinga vita wa Berkeley na hoja ya watetezi wa jeshi zinapokutana kwenye meza ya familia. Kwa mmoja, afisa wa usajili ni mtu anayemwinda kijana asiye na ada. Kwa mwingine, ni mtu aliyeleta ada, bima ya afya na pasipoti. Mara nyingine wote wawili wanaishi nyumba moja.

Mzazi ana uwezo gani?

Kumbe uwezo ambao baraza la jiji halina, mzazi anao.

Sheria ya elimu ya serikali kuu, iliyosainiwa mwanzoni mwa 2002, inazitaka sekondari zinazopokea fedha za serikali hiyo kuwapa maafisa wa usajili majina, anwani na namba za simu za wanafunzi wanapoziomba. Sheria iliyofuata, ya mwaka 2015, iliendeleza utaratibu huo.

Lakini sheria hiyo hiyo inampa mzazi haki ya kukataa. Anaiandikia shule kwamba taarifa za mtoto wake zisipelekwe jeshini bila idhini yake, na shule inapaswa kumtii. Wazazi wengi hawajui. Fomu huwa imechanganyika na karatasi nyingine za mwanzo wa mwaka wa masomo, ikasainiwa au kuachwa bila kusomwa.

Kuna umri pia wa kukumbuka. Kijana wa miaka 17 hawezi kujiandikisha bila saini ya mzazi. Akifika 18, saini inayotakiwa ni yake peke yake.

Kwa hiyo mazungumzo ya maana hufanyika kabla ya siku hiyo ya kuzaliwa. Mkataba ni wa miaka mingapi? Kazi gani imeandikwa kwenye karatasi, siyo iliyoahidiwa kwa mdomo? Vita vikizuka katikati ya mkataba, inakuwaje?

Madiwani wa Berkeley walikesha hadi baada ya saa sita usiku wakibishania barua ambayo haikutumwa. Maswali hayo matatu hayahitaji kura ya baraza wala kibali cha vipaza sauti. Yanahitaji mtu anayemjali kijana huyo akae naye chini na kumuuliza, kabla kalamu haijashika karatasi.